Tarikhi ya Kompyuta ya Michezo ya Mkononi

Tamaa ya kubeba mkononi michezo mizito iliyotungwa kwa kompyuta za mezani ilitangulia kwa miaka mingi chombo cha kuitimiza, na kizuizi cha kwanza kilikuwa betri. Gunpei Yokoi, mhandisi wa kampuni ya Nintendo, aliifahamu hakika hiyo, ndiyo maana Game Boy, chombo cha michezo cha mkononi cha mwaka 1989, ilipewa betri nne ndogo na kioo kisicho na rangi wala taa; na Sega ilipotoa Game Gear mwaka 1990, yenye taa na rangi maridhawa, betri zake sita zilikwisha kwa saa chache tu, ilhali Game Boy ikazidi kutamalaki.

Mwaka 2016 kampuni ya GPD ya Shenzhen, China, ilithubutu kutoa GPD Win, kompyuta kamili ya Windows yenye kioo cha inchi 5.5, kwa fedha zilizochangwa na wanunuzi wenyewe. Prosesa yake ya Intel Atom ilielemewa na michezo mikubwa, lakini nauheshimu sana ujasiri ule.

Kiini cha tarikhi hii, kwa rai yangu, kipo kwingine. Tangu mwaka 1993 wajuzi wa kompyuta, wengi wao wakijitolea, walikuwa wakiunda Wine, programu inayopokea kila ombi ambalo mchezo huielekezea Windows, ikalijibu kwa njia ya Linux, hata mchezo usitambue kuwa uko ugenini. Kampuni ya Valve ya Marekani, ambayo kompyuta zake za michezo za mwaka 2015, Steam Machines, zilikosa wanunuzi kwa uhaba wa michezo ya Linux, iliushika msingi huo na mwaka 2018 ikatoa Proton, programu ya kuendeshea michezo ya Windows katika Linux. Na Februari 2022 Steam Deck, kompyuta ya mkononi ya Valve inayotumia mfumo wake wa Linux pamoja na Proton, ikawafikia wanunuzi wa kwanza, kwa bei iliyoanzia dola 399.

Toleo hilo la kwanza lina uzito wa takriban gramu 669, na prosesa yake ya AMD hutumia wati 4 hadi 15. Mchezo mzito ukiidai nguvu yote, na kioo na feni vikachukua fungu lao, betri ya saa-wati 40 huisha kwa takriban saa mbili. Kwa hiyo mchezaji mwenye safari ndefu huteremsha kikomo cha wati na idadi ya picha kwa sekunde, akajipatia muda zaidi.

Asus ilifuata mwaka 2023 kwa ROG Ally inayotumia Windows, lakini mwaka 2025 Lenovo ilitoa Legion Go S yenye mfumo ule ule wa Valve, na kazi ya wale waliojitolea ikaingia katika mashine ya kampuni nyingine.