Nyangumi Ndani ya Giaboksi

Mwishoni mwa 1939, wateja wa Oldsmobile nchini Marekani walianza kuuziwa gari lisilo na pedali ya klachi. Ndani yake mlikuwa na Hydra-Matic ya General Motors, giaboksi ya kwanza ya otomatiki kamili kutengenezwa kwa wingi. Haukupita muda, vita vikaichukua: vifaru vya M5 na M24 viliendeshwa kwa injini mbili za Cadillac, kila moja na Hydra-Matic yake.

Kazi nzito ndani ya mashine hiyo iliachiwa oili. Ndiyo inayopokea nguvu ya injini na kuipeleka mbele, ndiyo inayosukuma valvu za kubadilishia gia, ndiyo inayobeba joto hadi kwenye rejeta. Tena inatakiwa ilainishe meno ya gia na papo hapo iziache sahani za klachi zishikane. Oili ya injini haikutengenezwa kwa mzigo huo, na mwaka 1949 General Motors ikatoa vigezo vya oili maalumu, Type A. Oili za aina hii kwa kawaida hutiwa rangi nyekundu, ili zikidondoka chini ya gari zisidhaniwe kuwa za injini.

Ulaini wake ulitoka baharini. Kwa miaka mingi ilichanganywa na mafuta ya nyangumi mkubwa mwenye meno, yule ambaye kichwa chake ni karibu theluthi ya mwili wake. Mafuta hayo hung'ang'ania chuma hata penye joto na shinikizo kali, hivyo sahani hushikana taratibu na gari halishtuki gia inapobadilika. Hata Dexron, oili ya General Motors ya 1967, bado iliyategemea. Mamilioni ya Wamarekani waliendesha magari yao kwa jasho la wavuvi wa nyangumi, na wengi hawakujua.

Mwaka 1970 Marekani ikamwingiza mnyama huyo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na mafuta yake yakapigwa marufuku. Wakemia wakarudi maabara. Dexron-II haikuwa na nyangumi, lakini toleo lake la mwanzo lilikula lehemu iliyounganisha kipoza cha oili kilichomo ndani ya rejeta. Kipoza kikitoboka, maji huingia kwenye giaboksi, na maji ni sumu kwa gundi inayoshikilia utando wa sahani. Ikabidi oili iongezwe kemikali za kuzuia ulikaji.

Tabia ya kuitelekeza oili hii bila kuibadilisha haikuanzishwa na madereva. Magari mengi ya zamani ya Marekani yalikuwa na nati ya kumwagia oili kwenye konvata yenyewe, chombo ambamo oili hupokea nguvu ya injini, pamoja na kijiti cha kuipimia. Nati ikaondolewa, hivyo siku hizi ukifungua sampo ya giaboksi, sehemu kubwa ya oili chafu hubaki ndani. Kijiti nacho kikatoweka katika modeli nyingi, na oili zilipozidi kuwa imara baadhi ya watengenezaji wakaanza kutangaza kwamba hazibadilishwi maisha yote ya gari. Maisha ya gari lililotumika Japani, hata hivyo, huendelea baada ya kushushwa kwenye bandari za Mombasa na Dar es Salaam, kwenye joto, foleni na milima.

Huko gereji husikika kwamba ukimwaga oili iliyochakaa giaboksi itakufa. Mara nyingi anayekuja kuimwaga ameshaona gia zikiteleza. Sahani zimekwisha, na oili mpya haiwezi kuzirudishia utando. Lawama huangukia oili, ilhali kosa ni kuchelewa.

Kama gia zako bado zinaingia sawasawa, mpelekee fundi gari sasa. Amwage kinachotoka, abadilishe chujio kama linabadilishika, ajaze oili ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kisha baada ya wiki kadhaa arudie. Asiisukume kwa mashine ya presha, na usikubali akuwekee oili yoyote kwa sababu tu ni nyekundu.