Malya, 1982: Tamthilia Iliyoanzia Uwanjani

Mwaka 1982 wahadhiri wa Idara ya Sanaa za Maonyesho ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walifika Malya wilayani Kwimba. Malya ni kituo cha reli jirani na Malampaka, ambayo leo iko wilayani Maswa, mkoani Simiyu. Hawakuja na tamthilia iliyokwisha andikwa. Walikuja kuitunga na wanakijiji.

Idara hiyo, iliyoanza 1967, ilikuwa kitalu cha waandishi wa tamthilia nchini. Ebrahim Hussein alichapisha *Kinjeketile* mwaka 1969, na Mlama akatoa *Hatia* mwaka 1972. Mwandishi aliyekuwa karibu na jukwaa aliweza kuona mazungumzo yake yakitamkwa na waigizaji, akajua wapi pamelegea. Lakini tamthilia hizo zilisomwa zaidi madarasani, na mkulima wa pamba alibaki nje.

Usukumani, eneo la Wasukuma ambamo Malya imo, utunzi hata hivyo haukuwa mgeni. Tangu karne ya 19 vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimeshindana baada ya mavuno. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja. Watazamaji huhama kutoka huku kwenda kule, na penye umati mkubwa ndipo penye ushindi. Manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, asiye na wimbo mpya hubaki peke yake na wachezaji wake. Kwa mtunzi, hakuna mhariri mkali kuliko huyo.

Kazi ya Malya ilijengwa juu ya msingi huo. Kwanza wanakijiji na wageni wao walichunguza matatizo ya mahali, wakalijadili kwa kina lile la wasichana wa shule kupata mimba. Kisha wakalitungia maigizo, wakiyachanganya na ngoma walizozizoea. Baada ya onyesho mjadala ulifunguliwa: nani anawajibika, na nini kifanyike? Igizo halikukabidhiwa likiwa limekamilika, kwa kuwa watazamaji nao waliligeuza.

Mlama alieleza kazi hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo barani Afrika. Mbinu hiyo ilipelekwa pia katika vijiji vya Msoga na Mkambalani. Mwaka 1996 ikaja Tuseme, mradi uliowapa wasichana wa sekondari nafasi ya kusema matatizo yao kwa njia ya maigizo.

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa rasmi mwaka 2012 makao makuu yakiwa Bariadi, una urithi huohuo wa manju na mashindano. Maafisa utamaduni wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega wawakutanishe manju na walimu wa Kiswahili, warekodi nyimbo na maigizo yao, na wayachapishe. Mtunzi wa kijijini anastahili kuitwa mwandishi, na kazi yake inastahili kuwekwa kwenye rafu pamoja na *Kinjeketile*.