Je, alijua nambari ina mwenyewe?

Mjadala wa wizi wa utambulisho ukianza hapa, watu hukimbilia adhabu: miaka mingapi, faini ngapi. Lakini neno linaloamua nani atafungwa ni dogo sana: "akijua". Hebu tuone lilivyosumbua Marekani.

2004, Congress ilipitisha sheria: ukitenda makosa fulani na humo utumie, ukijua na bila ruhusa, kitambulisho cha mtu mwingine, unaongezewa miaka 2 jela juu ya kifungo kingine. Jaji hana uwezo wa kupunguza.

Sasa kuna jamaa kutoka Mexico, mfanyakazi wa kiwanda cha chuma Illinois. Mwaka 2000 aliajiriwa kwa jina la uongo na nambari ya Social Security ambayo haikuwa ya mtu yeyote. 2006 akaleta kadi mpya, bado feki, ila safari hii zikiwa na jina lake halisi. Shida ni kwamba nambari zilikuwa za watu wengine. Yaani alipoacha kudanganya kuhusu jina ndipo akajipata na shtaka la ile miaka 2!

Serikali ikasema si lazima alijue kama nambari ina mwenyewe, bora alijua anaitumia bila ruhusa. Mimi naona lugha ya kawaida inakataa. Nikisema Kamau alichukua mwavuli wa jirani akijua, unaelewa alijua ni wa jirani, si kwamba alijua ni mwavuli tu.

Kesi ikiendelea, tarehe 12 Mei 2008 maafisa wa uhamiaji walivamia machinjio ya Postville, Iowa, wakakamata watu 389, wengi wao wa kutoka Guatemala. Wengi waliwekewa mezani chaguo hili: kiri kosa dogo, ufungwe miezi 5 halafu urudishwe kwenu, ama upambane na shtaka la miaka 2. Una watoto wanaokungoja ule, utachagua nini? Karibu wote walikiri.

Tarehe 4 Mei 2009, Mahakama ya Juu ikaamua kesi ya Flores-Figueroa, majaji wote 9 upande mmoja: lazima serikali ithibitishe mshtakiwa alijua nambari ni ya mtu halisi. Kwa wale wa Postville, miezi 5 ilikuwa imeshaisha.

Ni kweli, mwenye nambari anaumia hata kama mwizi hakujua yupo. Lakini kadi feki ni kosa tayari, na lina adhabu yake. Ile miaka 2 ilikuwa ya kitu kingine.

Kwetu, sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018, kifungu cha 29, inaadhibu anayetumia "kwa ulaghai au kwa kukosa uaminifu" nenosiri au alama ya utambulisho ya mtu mwingine: faini hadi Sh200,000, jela hadi miaka 3, au zote mbili. Ulaghai uko, sawa. Lakini je, lazima ajue huyo mtu mwingine yupo? Anayetaka kuongeza hiyo miaka 3 atujibu hapo kwanza.