Wati 20 za Mwaka 1978

Makambako, pale reli ya TAZARA inapokutana na barabara ya kwenda Njombe na Songea, sabufa inauzwa kwa namba iliyoandikwa kwenye boksi. Likisema wati 5,000 PMPO, mtu anatoa hela. Lakini soketi ya ukutani ya ampea 13, kwa volti 230, haifiki hata wati 3,000! PMPO ni kilele cha kufumba na kufumbua jicho, na kila kiwanda hukipima kinavyotaka.

Mimi nimevutiwa na namba ndogo zaidi. Mwaka 1978 kampuni ya NAD, iliyoanzia London, ilitoa amplifaya ya bei nafuu iliyoitwa 3020, kazi ya Mnorwe Erik Edvardsen. Karatasi yake ilidai wati 20 tu kila upande. Sasa, spika ngumu ya ohmi 4 huvuta mkondo wa umeme mara mbili ya ile ya ohmi 8, na hapo ndipo amplifaya nyingi za bei chee huishiwa pumzi: sauti inakwaruza, twita inaungua. Hii ilikuwa na akiba. Ngoma ikipigwa ghafla, ilitoa zaidi ya mara mbili ya wati zilizoandikwa. Na ikizidiwa, ilikata sauti kwa upole. Waungwana wa kiwandani, aisee.

Kwa hiyo mwenye spika ngumu na mfuko mwepesi, kwangu mimi, aanzie kwa fundi redio, kwenye amplifaya za mtumba. Ainyanyue kwanza asikie uzito wa transfoma, asome nyuma kama inaruhusu ohmi 4, ndipo aulize bei.