Kutoka Bonga Hadi Getini

Bonga iko kusini mwa mji wa Babati, kando ya barabara iendayo Kondoa na Dodoma. Waingereza waliiita Barabara Kuu ya Kaskazini, kipande cha ndoto ya kuunganisha Cape Town na Cairo. Ndoto ilikuwa kubwa kuliko barabara yenyewe. Kwa miongo mingi baada ya uhuru, kipande hiki kilibaki vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Mwaka 2018 ndipo ilipozinduliwa lami ya kilomita 251 kutoka Dodoma hadi Babati. Sasa kijana wa Bonga anaweza kutoka alfajiri, akawaona tembo wa Tarangire, na akarudi kula chakula cha jioni kwao.

Safari hiyo niliifanya na wenzangu mwezi wa Septemba. Tulichangishana, tukakodi gari. Septemba ni kiangazi kikali: mabwawa ya nje yamekauka, na Mto Tarangire huvuta kila kiumbe chenye kiu. Tembo huchimba mchanga wa mtoni kutafuta maji, pundamilia na nyumbu wakisubiri pembeni, mibuyu imesimama bila majani. Garini hushuki ovyo. Kuna sehemu maalumu za kushukia, na kutembea kwa miguu kunataka kibali na askari mwenye bunduki.

Ukiwa nyuma ya kioo, ni rahisi kuamini kwamba hivi ndivyo nchi ilivyokuwa kabla ya binadamu kuiharibu. Lakini ukimya ule una tarehe.

Katika miaka ya 1890, ugonjwa wa sotoka ulipita Afrika Mashariki ukiangamiza ng'ombe. Ukafuatana na njaa na ndui. Mahali watu na mifugo walipopungua, hapakuwa tena na wa kuchoma nyasi wala wa kulisha malisho. Vichaka vikarudi, na pamoja navyo mbung'o. Mdudu huyo huua ng'ombe kwa nagana, ila wanyamapori wengi huvumilia vimelea vyake. Kwa hiyo, maofisa wa kikoloni walipoitazama nchi yenye wanyama wengi na watu wachache, waliita "pori" mahali ambapo pengine palikuwa pameachwa juzi tu.

Tarangire ilifanywa pori la akiba mwaka 1957. Mwaka 1970, chini ya serikali yetu wenyewe, ikawa hifadhi ya taifa, kilomita za mraba zipatazo 2,850. Wafugaji wa Kimaasai wa Simanjiro, waliokuwa wakiutegemea mto ule katika miezi ya ukame, wakabaki nje ya mstari. Masika yakifika, nyumbu na pundamilia huvuka kwenda kuzalia kwenye nyanda za Simanjiro, wakila majani yaleyale yanayoliwa na mifugo. Mpaka ulizuia ng'ombe kuingia, lakini haukuzuia nyumbu kutoka.

Sisemi mpaka ungefutwa. Tembo hawezi kuishi kwenye kashamba ka ekari mbili, na bila ulinzi huenda mto ule leo ungekuwa umezungukwa na mahindi. Ninachouliza ni nani aliyeaminiwa kulinda.

Babati ina jibu lingine, nalo halimo kwenye ratiba za watalii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilitaka kuugeuza msitu wa miombo wa Duru-Haitemba, ulioko wilayani humu, kuwa hifadhi yake. Wanavijiji walipinga. Wakati mvutano ukiendelea msitu uliumia, kwa maana mtu akijua chake kinachukuliwa, hukimbilia kuchukua kilichobaki. Kisha, mwaka 1994 na 1995, mambo yakageuzwa: vijiji vinane vikakabidhiwa kuusimamia. Kila kijiji kikatunga sheria ndogo, kikaamua wapi pa kuokota kuni na wapi pa kuacha papumzike, kikateua vijana wake kuwa walinzi. Msitu ukaanza kupona. Utaratibu huo ukawa mfano kwa nchi nzima, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikazitambua rasmi hifadhi za misitu za vijiji.

Tuliosoma shule za serikali tulifundishwa majina ya hifadhi za taifa na mwaka zilipoanzishwa. Duru-Haitemba sikumbuki kuisikia darasani, ingawa watu wake walifanya jambo ambalo wataalamu walidhani haliwezekani. Historia ya uhifadhi tuliyopewa ilikuwa na mageti, askari na wageni wenye darubini. Mwanakijiji alitokea ndani yake kama jangili au mvamizi, mara chache sana kama mlinzi.

Kwa hiyo, ukipata siku moja, nenda Tarangire. Ni nchi yako, na kiingilio cha raia ni kidogo mno kuliko cha mgeni. Ukipata siku ya pili, omba kibali upande Ufiome, mlima ambao wengine huuita Kwaraa, wenye msitu wake wa hifadhi juu ya mji. Huko utatumia miguu. Chini yako kuna Ziwa Babati na viboko wake, na pembezoni mwake wavuvi wakitengeneza nyavu, wanyama na watu wakigawana maji yaleyale.