Vijiji vya Nyiragongo: mpaka wa shamba unalindwa na jirani

NYIRAGONGO – Mtu akitoka Goma na kushika barabara ya Rutshuru, anapanda polepole kati ya mawe meusi, na mpaka afike Kibumba hakuti mto wenye maji ya mwaka mzima. Mvua inanyesha, tena nyingi, lakini maji yanapenya ndani ya mawe ya volkano na kupotea. Ndiyo maana katika vijiji hivi mtoto anajua kubeba bidoni kabla ya kujua kusoma, na mama mwenye bati zima juu ya nyumba anahesabiwa kuwa na bahati, kwa sababu bati ndiyo kisima chake.

Kibati, Munigi, Mudja, Rusayo, Buvira, Buhumba na Kibumba: hizo groupement saba ndizo zinaunda chefferie ya Bukumu, na chefferie hiyo peke yake ndiyo territoire yote ya Nyiragongo. Ni eneo dogo, lakini udongo wake unazaa. Viazi, maharage, mashu, karoti na vitunguu vya Kibumba vinalisha Goma miaka mingi. Vijana wanavishusha kwa chukudu, ule mkokoteni wa mbao wa magurudumu mawili, wakiteremka mbio na mzigo wa mamia ya kilo, kisha jioni wanausukuma tena mlimani bila kitu.

Eneo hilo dogo limekimbiwa mara nyingi. Mzee aliyezaliwa hapa kabla ya 1977 anaweza kuhesabu kwa vidole: 1977, 1996, 2002, 2008, 2012, 2021, 2022. Mara nyingine ni moto wa mlima, mara nyingine ni bunduki. Kila mara watu wanaporudi, swali la kwanza halihusu nyumba. Nyumba ya mbao itajengwa tena. Swali ni hili: shamba langu linaishia wapi, na ni nani atakayesema?

Mawe, miyenzi na mashahidi

Zamani, na hata leo kwa familia nyingi, shamba la Bukumu halina karatasi. Mtu alilipata kwa baba yake, au kwa chefu, au alilinunua mbele ya wazee. Mkulima wa inchi ya volkano anaanza kwa kuondoa mawe. Anayakusanya pembeni, mwaka huu kidogo, mwaka kesho kidogo, mpaka yanakuwa ukuta. Ukuta huo hauzuii wanyama tu. Unasema pia kwamba kazi ya mtu huyu ilifika hapa. Mahali pengine wanapanda miyenzi, ile miti inayotoa maziwa meupe ikikatwa. Inaota upesi, haihitaji maji mengi, na ng'ombe haili.

Lakini ukuta na miyenzi havisemi vyenyewe. Anayesema ni jirani. Yeye ndiye aliyekuwapo siku baba alipogawa shamba kwa watoto wake, alikunywa pombe ya siku hiyo, na anajua kwamba jiwe kubwa lile liko upande huu, siyo upande ule. Kesi ikifika kwa chefu wa kijiji, kisha kwa chefu wa groupement, hawaanzi kwa kuuliza karatasi. Wanauliza: jirani zako ni nani?

Sheria ya serikali ilikuja juu ya desturi hiyo bila kuimaliza. Sheria ya udongo ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973 ilisema kwamba udongo wote ni mali ya Serikali, hata ule unaokaliwa na wananchi wa vijijini. Juu ya haki za wananchi hao, iliahidi kwamba zitapangwa na amri ya Rais wa Jamhuri. Amri hiyo ilingojewa miaka makumi na makumi. Kwa muda huo wote mkulima wa Kibumba aliendelea kukaa katikati: kwa desturi shamba ni lake, kwa karatasi si lake kabisa.

Mbuga pande mbili

Mpaka wa kwanza ambao wazee hawakuupanda wenyewe ni ule wa mbuga. Tarehe 21 mwezi wa nne 1925, utawala wa Wabeleji ulianzisha mbuga ya Albert kwenye milima ya volkano, ya kwanza ya aina yake katika Afrika. Mwaka wa 1929 na 1935 iliongezwa. Mwaka wa 1969 iliitwa Virunga. Leo Kibumba iko kati ya sehemu mbili za mbuga hiyo: upande mmoja msitu wa Mikeno, upande mwingine msitu wa Nyiragongo.

Kwa hiyo vijiji haviwezi kupanuka. Familia ikizaa watoto sita, shamba la babu linakatwa mara sita, na wajukuu wanakatiana tena. Kuni na makala viko ndani ya msitu uliokatazwa. Mahali ambapo shamba ni la hatua chache tu, mtu akisogeza jiwe hatua mbili amechukua chakula cha mtoto wa mwenzake.

Siku mlima uliposhuka

Jumatatu tarehe 10 mwezi wa kwanza 1977, asubuhi, pembe za Nyiragongo zilipasuka. Ziwa la moto lililokuwa juu lilimwagika kwa muda usiofika saa moja. Moto ulikuwa mwepesi kama maji na ulienda mbio kuliko gari kwenye barabara hii. Watu walikufa mashambani na njiani bila kupata nafasi ya kukimbia.

Alhamisi tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, udongo ulifunguka kutoka ubavu wa mlima mpaka karibu na Munigi. Mto wa moto ukapita vijijini, ukaingia Goma, ukakata katikati ya mji mpaka ziwani. Mamia ya maelfu ya watu walivuka kwenda Gisenyi. Wengi wao walirudi baada ya siku chache tu, mawe yakiwa bado ya moto, kwa sababu waliogopa kupoteza kiwanja kuliko walivyoogopa mlima.

Jumamosi tarehe 22 mwezi wa tano 2021, usiku, moto ukashuka tena. Mara hii ulisimama Buhene, kwenye mlango wa Goma, baada ya kuzika nyumba na mashamba na kukata barabara ya Rutshuru. Siku tano nyuma, tarehe 27, viongozi waliamuru sehemu kubwa ya mji ihame, na watu wakajaa Sake, Rutshuru na Rwanda.

Moto una tabia moja ambayo vita haina: unafuta mpaka kabisa. Ukuta wa mawe unafunikwa na jiwe moja kubwa jeusi. Miyenzi inaungua. Hakuna udongo wa kulima kwa muda mrefu. Lakini wazee wanajua kwamba chini ya jiwe hilo shamba lina mwenyewe. Waliorudi walisimama juu ya mawe mapya, wakatazama kilima hiki na kanisa lile, wakapima kwa hatua na kusema: hapa palikuwa kwa fulani. Wengine walijenga nyumba ya mbao juu ya jiwe lenyewe. Wengine walishika nyundo wakaanza kuvunja mawe na kuuza kokoto kwa wajenzi wa mji. Kiwanja kilichozikwa kiligawanywa upya kwa kumbukumbu za watu walioishi pamoja.

Waliopokea, kisha wakakimbia

Mwezi wa saba 1994, kwa siku chache tu, watu karibu milioni moja walivuka kutoka Rwanda na kuingia Goma na vijiji vyake. Karibu elfu mia mbili waliwekwa Kibumba, mahali pasipo na mto. Maji yaliletwa na malori. Udongo ulikuwa mgumu hata kuchimba choo au kaburi, na kolera iliua maelfu na maelfu katika kambi za eneo la Goma. Miti ya mbuga ilikatwa kwa kuni. Mashamba ya wenyeji yaligeuka kambi, na miyenzi mingi ikaishia kwenye majiko. Kambi ya Kibumba ilivunjwa na vita mwezi wa kumi 1996. Wenyeji walirudi na kuanza tena kutafuta mawe ya baba zao chini ya majivu ya mahema.

Tangu hapo njia ya kukimbia imekuwa ile ile: kutoka Kibumba kushuka kwenda Kibati na Kanyaruchinya. Mwezi wa kumi 2008, wakati wa vita vya CNDP, Kibati ilijaa wakimbizi. Mwaka wa 2012, wakati wa M23, Kanyaruchinya ikajaa, mpaka Goma ilipoanguka tarehe 20 mwezi wa kumi na moja. Mwishoni mwa 2022 vita vilirudi Kibumba, na makumi ya maelfu ya watu wakashuka tena. Walilala shuleni, kanisani, na katika vibanda vya miti na plastiki juu ya mawe ya volkano. Familia nyingine, za Rutshuru na Masisi, ziliwekwa Rusayo, ambako wenyeji wanaogopa mazuku, ile hewa mbaya inayojificha kwenye mabonde na kuua mtu au mbuzi bila sauti.

Familia za vijiji hivi zilipokea kabla ya kuomba kupokelewa. Mama wa Kanyaruchinya aliyetoa sehemu ya kiwanja chake kwa wageni wa Kibumba alikuwa amelala mwenyewe kwa watu baada ya moto wa 2021. Hakuna aliyeandika deni hilo, lakini linakumbukwa.

Mji unapanda mlima

Wakati vijiji vinakimbia, mji unakuja. Goma imekua mpaka imegusa Munigi na Kanyaruchinya, na ubishi juu ya mpaka kati ya mji na territoire ya Nyiragongo umedumu miaka mingi. Shamba la maharage likikatwa kuwa viwanja, bei inapanda. Mtu aliye kambini, mwenye mtoto mgonjwa na bila chakula, anaweza kukubali bei ndogo ya shamba ambalo halioni. Mwingine anaweza kuuza shamba ambalo si lake, akijua kwamba mwenyewe hayupo na jirani wake pia hayupo.

Hapo ndipo hatari ya kweli ilipo. Moto uliwafukuza watu kwa siku au miezi. Wakarudi pamoja, mashahidi wengi wakiwa hai. Vita vinawatawanya kwa miaka. Mzee mmoja anakufa Kanyaruchinya, mwingine Bukavu, mwingine Uganda. Kijana aliyeondoka na miaka kumi anarudi na miaka kumi na tatu au ishirini, naye hajui jina la kilima.

Kurudi

Tarehe 27 mwezi wa kwanza 2025, M23 iliingia Goma. Mwezi wa pili, kambi zilizozunguka mji zilivunjwa na familia zikashika njia ya vijiji vyao. Wengi walikuta nyumba bila mbao na bila bati. Walikuta majani marefu, na katika sehemu zilizokuwa mstari wa vita kulikuwa na mabomu yasiyolipuka, ambayo mtoto anaweza kuyaokota akidhani ni chuma cha kuuza. Mpaka usafishwe, jembe nalo ni hatari.

Wajane wana mzigo wa ziada. Shamba lilijulikana kwa jina la bwana, na ndugu za bwana wanaweza kusema kwamba mama hana sauti. Sheria ya jamaa ya 1987 inawahesabu watoto wote wa marehemu, wa kike na wa kiume, kuwa warithi wa kwanza. Lakini sheria hiyo inahitaji mtu wa kusimama mbele ya chefu na kusema: ndiyo, huyu ni mtoto wa fulani, na shamba la fulani lilianzia kwenye jiwe lile.

Kwa hiyo kazi kubwa ya familia, ile iliyorudi na ile iliyo mbali, haihitaji pesa. Babu na bibi wanaweza kuwatajia watoto jina la kijiji, jina la kilima, majina ya jirani wanne wa shamba, na mwaka liliponunuliwa. Mwenye daftari anaweza kuandika, na jirani wakatia sahihi au kidole. Wanaorudi kwanza wanaweza kumlindia mpaka yule asiyerudi bado, kama wao walivyolindiwa mwaka wa 2002 na 2021. Na kabla ya kununua shamba la mtu aliyekimbia, mnunuzi mwenye haki anatafuta kwanza jirani zake.

Ukuta wa mawe wa Kibumba haukujengwa siku moja wala na mtu mmoja. Baba aliweka jiwe, mtoto akaongeza, na jirani wa upande wa pili naye akatupa mawe yake hapo hapo. Mpaka ni wa wote wawili. Mmoja akikimbia, mwingine anabaki na ukuta mzima mikononi, akingoja mwenzake arudi.