Joto kwenye uendeshaji wa pikipiki

Joto kwenye uendeshaji wa pikipiki ni mzigo wa joto unaomfikia mwendeshaji au abiria wa pikipiki kutoka kwenye jua, hewa, lami na injini. Tofauti na mtu aliye ndani ya gari, mpanda pikipiki hana paa wala kiyoyozi. Hutegemea upepo, jasho na mavazi yake. Suala hili linawahusu hasa madereva wa bodaboda wa Afrika Mashariki, ambao hushinda juani kutwa, pamoja na wanaopeleka vyakula kwa pikipiki katika miji ya nchi za Ghuba. Joto likizidi, mwendeshaji huchoka, umakini wake hupungua na huchelewa kufunga breki. Hali ikiwa mbaya zaidi, maisha yake huwa hatarini.

Jinsi mwili unavyojipoza

Halijoto ya ndani ya mwili wa binadamu ni takriban 37 °C, na ya ngozi kwa kawaida ni kati ya 33 na 35 °C. Kwa mpanda pikipiki, njia kuu za kupoteza joto ni mbili. Kwanza, hewa iliyo baridi kuliko ngozi huchukua joto inapopita juu yake. Pili, jasho huchukua joto linapogeuka kuwa mvuke: lita moja ya jasho linalokauka juu ya ngozi huondoa takriban kilojuli 2,400. Jasho linalodondoka chini kabla ya kukauka halipozi mwili.

Upepo na halijoto ya hewa

Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa humletea mwendeshaji upepo wa karibu kasi hiyohiyo, hata kama hewa imetulia. Hewa ikiwa na 28 °C, upepo huo hupoza vizuri. Hewa ikipita 35 °C au zaidi, mambo hugeuka: upepo huuongezea mwili joto, kama mtu aliyesimama mbele ya mdomo wa tanuri, na njia inayobaki ni jasho peke yake.

Katika maeneo makavu kama Lodwar nchini Kenya, jasho hukauka mara linapotoka. Mwendeshaji huona ngozi yake ni kavu na kudhani hatoki jasho, kumbe anaendelea kupoteza maji. Katika miji ya pwani kama Dar es Salaam na Mombasa, hewa ina unyevu mwingi, kwa hiyo jasho hukauka polepole na upepo ni msaada mkubwa. Tatizo huanza kwenye foleni: upepo hukoma, huku joto la injini na la lami likiendelea kupanda miguuni.

Mavazi

Watu wengi huvua jaketi au kubaki na fulana wanapohisi joto. Hewa ikiwa baridi kuliko ngozi, jambo hili huleta nafuu, ingawa huacha ngozi bila kinga mtu akianguka. Lakini hewa ikiwa na joto kuliko ngozi, ngozi iliyo wazi hupigwa na jua na upepo wa moto kwa pamoja, na jasho hukauka haraka kuliko linavyohitajika. Wakazi wa majangwani hujifunika kwa kanzu pana na vilemba kwa sababu hiyohiyo: nguo huzuia jua, na nafasi iliyo kati ya nguo na ngozi huruhusu jasho kukauka taratibu.

Kwa mpanda pikipiki, kinachofaa ni jaketi lenye rangi isiyokolea na matundu ya kupitishia hewa, au shati la mikono mirefu lisilobana. Katika joto kavu, fulana ya pamba iliyoloweshwa maji na kuvaliwa chini ya jaketi hupoza kifua na mgongo hadi ikauke. Kwenye unyevu wa pwani mbinu hiyo husaidia kidogo tu. Jaketi zito linalovaliwa kwa ajili ya baridi ya alfajiri halina budi kubadilishwa jua linapopanda. Mwavuli unaofungwa kwenye pikipiki hutoa kivuli, lakini hukamata upepo na unaweza kuyumbisha chombo.

Kofia ngumu

Joto ni sababu mojawapo inayowafanya waendeshaji kuvua kofia ngumu, yaani helmeti. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa na Cochrane mwaka 2008 ulionyesha kuwa kofia hiyo hupunguza hatari ya kifo kwa takriban 42% na ya majeraha ya kichwa kwa 69%. Nchini Kenya sheria inamtaka mwendeshaji na abiria wake waivae. Kofia yenye rangi nyeupe na matundu ya hewa hupunguza adha. Kitambaa chepesi kinachovaliwa ndani hunyonya jasho, na humfaa pia abiria asiyependa kofia iliyolowa jasho la wengine.

Maji na chumvi

Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, hushauri wanaofanya kazi kwenye joto wanywe kikombe kimoja, karibu robo lita, kila dakika 15 hadi 20, bila kungoja kiu. Kunywa maji mengi mno kwa mara moja nako kuna madhara, kwa kuwa hupunguza kiwango cha chumvi katika damu. Kwa kawaida chumvi inayopotea hurudishwa na chakula. Maji ya dafu yana potasiamu nyingi lakini sodiamu kidogo, hivyo hayachukui nafasi ya mlo. Pombe huongeza mkojo, na mirungi husisimua mwili na kuficha uchovu. Vyote viwili huongeza hatari.

Dalili na huduma ya kwanza

Uchovu wa joto huonekana kwa jasho jingi, kizunguzungu, kichefuchefu, kuumwa kichwa na misuli kukaza. Mwendeshaji anapaswa kusimama, kukaa kivulini, kuvua kofia na jaketi, kujimwagia maji na kunywa kidogokidogo.

Kiharusi cha joto ni hali ya dharura: halijoto ya ndani hupita 40 °C, na mgonjwa huchanganyikiwa, huongea ovyo au huzimia. Ngozi yake inaweza kuwa kavu au yenye jasho. Apelekwe hospitali haraka, na apozwe papo hapo wakati usafiri unatafutwa, kwa kumwagiwa maji mwili mzima na kupepewa. Asiyejitambua asinyweshwe kitu chochote, kwa sababu anaweza kupaliwa.

Tazama pia

Bodaboda
Jasho
Huduma ya kwanza
Usalama barabarani